Aliliwasha kila asubuhi kwa miaka mitatu, akisubiri bei ishuke

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, geti la yadi ya magari bado lina kufuli, lakini ndani mtu mmoja keshaanza kazi. Anasukuma kitoroli kilichobeba betri kubwa na waya mbili nene. Anafika kwenye gari la kwanza, anaketi upande wa dereva mguu mmoja ukiwa bado nje, anageuza ufunguo. Gari linakohoa mara mbili, linawaka. Anaangalia dashibodi, anaitika kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa, kisha anakwenda la pili.

Yadi hii ina magari hamsini na nane yaliyotumika, yote yakisubiri wanunuzi. Gari likikaa bila kuwashwa, betri hufa, na mteja akikuta gari limekufa huanza kulihesabia kasoro za tangu kiwandani. Kazi ya mwanamke huyu, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni kuhakikisha kila gari linaitika likiitwa. Wenzake wanamwita Mama Betri. Ukimuulizia kwa jina la kwenye cheti, utaambiwa hakuna mtu kama huyo hapa.

Siku hizi hazimi gari mpaka mshale wa joto ufike katikati. Ni utaratibu ulioanza mwezi mmoja tu uliopita, na somo lake yeye ndiye aliyelilipia.

Gari la mwisho kuwashwa ni la kijani kilichokolea, la spoti, milango miwili na viti viwili. Limeinama kiasi kwamba mtu mzima hulivaa badala ya kulipanda. Kwa miaka mitatu na zaidi liliegeshwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Tangu juzi liko mbele, hatua kumi kutoka getini, na kwenye kioo cha mbele limeandikwa kwa rangi nyeupe: 7,600,000.

Leo ni siku ya tatu, na ndiyo ya mwisho. Likipata mnunuzi kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, litakwenda naye. Lisipompata, ni la Mama Betri.

"Sikulala," anasema, akifuta kioo cha pembeni ambacho hakina vumbi. "Nilijigeuza mpaka mume wangu akauliza kama kitanda nacho kinauzwa."

Alianza hapa miaka kumi na moja iliyopita kama mfagiaji. Aliyekuwa akiwasha magari aliacha kazi bila kuaga siku moja ya mvua, na asubuhi yake mteja akafika na fedha mkononi akakuta magari sita yamelala. Bosi alimtazama kila aliyekuwa karibu, akamwona mwanamke ameshika ufagio. Akampa ufunguo, akamwonyesha mahali pa kubana waya, akamwambia ahesabu dakika nne kwa kila gari halafu azime, maana petroli haitoki kisimani.

Kwa hiyo alihesabu dakika nne. Alijifunza kusogeza magari mbele na nyuma, kuyapanga, kuyageuza kwenye kona ambazo wauzaji wenyewe huziogopa. Miaka tisa iliyopita alikata leseni. Mtihani ulifanyika uwanjani, katikati ya vigingi, na gia mbili zilitosha.

Jambo ambalo watu hawaliamini mpaka aape ni kwamba hajawahi kuendesha gari nje ya ukuta huu. Sheria ya yadi ni kwamba gari likitoka linatoka na muuzaji na mteja wake. Nyumbani kwake hakuna gari. Ameshika usukani wa magari yasiyohesabika, na kila moja amelipeleka umbali wa kutoka sebuleni mpaka jikoni.

"Gia ya tatu naijua kwa kusikia," anasema. "Wakitoka getini nasimama nasikiliza. Ya kwanza, ya pili, halafu ile nyingine wanaitia wakiwa wameshapita kona."

Gari la kijani lililetwa miaka mitatu na nusu iliyopita. Mwenye nalo wa kwanza alilinunua jipya akiwa bado hajaoa, kwa bei ambayo bosi huitaja kwa sauti ya chini. Kisha akaoa, na mke akajifungua mapacha. Mtu huyo alijaribu kila njia ya kuwaingiza watu wanne kwenye viti viwili, akashindwa, akalileta yadi akiwa amenuna. Liliandikwa milioni ishirini na nne, nusu ya lilivyonunuliwa, na lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Anayeandika bei kwenye vioo ni Mama Betri mwenyewe, kwa sababu saba yake haifanani na moja. Kila baada ya miezi mitatu bosi hupita na daftari, anapunguza hapa na pale, naye humfuata na kopo la rangi na kitambaa. Hivyo bei za yadi nzima zimepita mikononi mwake, na kwa kuzifuta na kuziandika amejua mambo ambayo wanunuzi wengi huyajua wakiwa wameshachelewa.

Anaeleza kwamba gari la mizigo hushuka bei kama mzee anayeteremka ngazi, huku ameshika ukuta. Gari la spoti huruka kutoka dirishani. Wanaolitamani ni wengi, ila wanaoweza kulilisha mafuta, kulinunulia matairi na kuishi na viti viwili ni wachache, na wachache hao hupenda jipya. Lakini likishafika chini husimama. Linabaki na wale wanaolipenda kwelikweli, na hao hawaliachii kwa bei ya kutupa.

"Kazi ni kujua chini ni wapi," anasema. "Ukinunua mapema umelia. Ukichelewa umelia vilevile."

Ndiyo taabu ya mtu anayesubiri bei. Wahenga wamemwachia methali mbili na hawakumwambia afuate ipi: mvumilivu hula mbivu, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Yeye alisubiri. Kutoka ishirini na nne, bei ilishuka hadi kumi na tisa, kisha kumi na tano na nusu, kisha kumi na tatu. Kila mara alifuta na kuandika. Mshahara wake ni laki nne na nusu kwa mwezi, na jioni hushona vifuniko vya viti kwa wateja wanaotaka gari kuukuu linukie upya. Akiba aliyokuwa ameianza kwa ajili ya choo kipya ilibadilishwa matumizi kimyakimya. Choo cha zamani kingali kinafanya kazi, anasema, na kinafanya kwa moyo.

Kwa nini gari la spoti, mtu wa umri wake, mama wa watoto watatu watu wazima? Swali hilo ameulizwa na dada yake, na mumewe, na kila muuzaji aliyewahi kumwona akilipangusa. Analijibu bila haraka.

"Tangu nikiwa mdogo mimi ni wa kubeba. Nimebeba maji, nimebeba wadogo zangu, nimebeba watoto, nimebeba ufagio. Kila gari ninalolifungua hapa linaniuliza nitabeba nini. Hili halina pa kuwekea kitu. Haliniulizi."

Mumewe ni kinyozi, mwenye kibanda chenye kiti kimoja mitaa miwili kutoka yadi. Amelizungumza suala hili na wateja wake wote, hata wasiouliza. Anasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye kwa miaka thelathini ameona vichwa vya kila namna, lakini cha mkewe hakijawahi kumkalia sawasawa kwenye mkono. Alipomuuliza watoto wakija wote watatu watakaa wapi, alijibiwa kwamba watoto wana miguu. Akaapa kuwa yeye hatalipanda.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wauzaji walilibatiza gari hilo Mchumba. Walimtania wakipita: Mchumba kaamkaje, Mchumba kala. Naye alikuwa akiwajibu kwamba kaamka salama na anawasalimu. Ukweli ni kwamba alikuwa akilitunza kuliko mengine. Mengine aliyawasha mara moja kwa siku. Hili, hasa miezi ya mvua na baridi, aliliwasha asubuhi na jioni, dakika nne asubuhi na dakika nne jioni, asije akalikuta limezima.

Miezi saba iliyopita bei ilikuwa milioni kumi na laki nane. Miezi mitatu baadaye, kumi na nusu. Alipokuwa akiandika tarakimu hizo alielewa kilichokuwa kikitokea. Hatua za kushuka zilikuwa zimekuwa fupi. Gari lilikuwa linakaribia kusimama, na chini yake ilikuwa kama milioni kumi. Akiba yake ilikuwa milioni saba na laki saba. Aliosha brashi, akaenda kukaa stoo kwenye ndoo iliyopinduliwa, na anakiri kuwa siku hiyo alijiona mjinga.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Katika ukaguzi wa mwezi uliopita, bosi alifika kwenye gari la kijani na daftari lake na kuuliza kama ilivyo desturi yake: hili lina tatizo gani? Huwa anamuuliza yeye kuhusu kila gari, kwa sababu ndiye anayeyasikia yakiamka. Akisema gia inasaga, bei inapungua. Akisema ni zima, inabaki. Kwa miaka yote neno lake lilitosha.

Safari hii aliweka kopo la rangi chini. Bosi akarudia swali.

"Hili usiniulize mimi, bosi," alisema. "Nalitaka mwenyewe. Anayekitaka kitu haulizwi bei yake."

Bosi ni mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Anasema alikuwa akiujua utani wa Mchumba, lakini alidhani ni utani tu. Akafunga daftari. Kesho yake aliita mkaguzi wa nje, fundi mwenye gereji yake upande wa pili wa mji, asiyemjua mtu yeyote pale.

Mkaguzi alikaa na gari saa mbili. Alifungua boneti, akatoa plagi moja moja, akalala chini na tochi. Mwishowe aliomba kulitoa barabarani, na gari likapita getini kwa mara ya kwanza tangu liletwe. Mama Betri alisimama mahali pake pa kusikilizia. Kwenye gia ya pili alisikia injini ikikatakata, kitu ambacho hakuwahi kukisikia likiwa limesimama.

Liliporudi lilikuwa likitoa moshi mweupe na kudondosha maji kwenye bomba la nyuma. Mkaguzi alipanga plagi juu ya gazeti, zote nyeusi tii. Akafungua kifuniko cha oili na kuonyesha utando uliokuwa chini yake, mweupe mweupe kama maziwa yaliyoganda. Sailensa ilikuwa imeliwa na kutu kwa ndani. Matairi yalikuwa yamebonyea upande mmoja kwa kusimama. Kisha akauliza nani hulihudumia, na kwa muda gani.

Mama Betri alinyoosha mkono. Dakika nne, alisema, asubuhi na jioni.

"Mama, hili ungeliacha limelala lingepona," mkaguzi alimwambia, bila ukali. "Kila ukiliwasha baridi linatengeneza maji ndani. Likipata moto, na likitembea, maji yanakauka. Wewe umeliamsha mara mbili kwa siku, ukalizima kabla halijapata moto. Maji yote yamebaki humo."

Magari mengine hayakuwahi kuonyesha madhara hayo, kwa kuwa huuzwa baada ya miezi miwili au mitatu, na dakika nne za miezi mitatu haziui gari. La kijani lilikuwa limepata dakika nne za miaka mitatu na nusu, tena mara mbili. Lililopendwa kuliko yote ndilo lililoumia peke yake.

Mama Betri alilia stoo, juu ya ndoo ileile. Hafichi hilo. "Niliona aibu mbele ya gari," anasema. "Watu watacheka, lakini ndivyo. Nililiua kwa kulipenda." Bosi naye alisimama mlangoni, akasema dakika nne alimfundisha yeye, kwa uchoyo wa petroli, na kama kuna wa kulaumiwa basi wapo wawili. Ni maneno marefu kuliko aliyowahi kumwambia kwa miaka kumi na moja.

Mkaguzi alikadiria ukarabati kuwa milioni moja na laki tatu, na kuliendesha sana barabarani baada ya hapo. Kwa jinsi lilivyo, alisema, mtu asilipe zaidi ya milioni saba na laki sita. Bei iliyokataa kushuka kwa subira ilikuwa imeshushwa kwa matunzo, na sasa ilikuwa ndani ya uwezo wa mtu yuleyule aliyeliharibu.

Bosi alimwambia alichukue. Ingekuwa rahisi, na habari hii ingekuwa fupi. Lakini yadi ina masikio na ina midomo, na mdomo mkubwa kuliko yote ni wa muuzaji wa siku nyingi ambaye wenzake humwita Redio. Huyo alisema mbele ya watu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mtu amelitaka gari miaka mitatu, akashindwa bei, halafu gari likaugua mikononi mwake mpaka bei ikamfikia. Kila mtu ajumlishe mwenyewe, alisema.

Mama Betri aliyasikia yote. Anasema matusi ya kweli huwa na sura ya hesabu, na hesabu ya Redio ilikuwa imekaa sawa. Hata yeye angeisikia kwa mtu mwingine angeiamini. Alikwenda ofisini na kumwambia bosi kwamba halitaki gari kwa njia hiyo. Liwekwe mbele, karibu na geti. Bei mpya iandikwe, na karatasi ya mkaguzi ibandikwe kwenye kioo watu waisome yote. Siku tatu. Akitokea wa kulichukua kwa bei hiyohiyo, alichukue, na Redio apate kamisheni yake kamili. Asipotokea, basi hakuna atakayesema liliibwa.

"Huyo ndiye mke wangu," anasema kinyozi. "Anaweza kulala njaa chakula kikiwa mezani, mpaka jirani aje kushuhudia kuwa ni chake."

Siku ya kwanza walikuja wengi. Walipiga picha wakiwa wameegemea boneti, wakauliza kama bei ni ya gari zima, wakaenda. Siku ya pili alikuja mwanamume mnene aliyeingia kwenye kiti cha dereva kwa heshima zote na akashindwa kutoka. Walimvuta watu wawili, mmoja kila mkono. Alipofanikiwa kusimama alisema kasoro pekee aliyoiona ni rangi.

Siku ya tatu, leo, mchana unapita kimya. Saa tisa na nusu anaingia mtu wa makamo, shati limechomekwa, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Hapigi picha. Anavaa miwani, anasimama mbele ya kioo na kuisoma karatasi ya mkaguzi kutoka juu hadi chini. Ni wa kwanza kufanya hivyo kwa siku zote tatu. Mama Betri, akiwa amechuchumaa kwenye tairi la gari la pembeni, anaacha kufunga anachokifunga.

Redio anamfuata mteja na kumwimbia wimbo wake wa kawaida. Mtu huyo anasikiliza kwa adabu, kisha anauliza ni nani hasa huliwasha gari hili. Redio anakatiza wimbo wake. Anaonyesha kwa kidole.

Mteja anamjia Mama Betri, anamwamkia, na kumuuliza kama yaliyoandikwa yanatengenezeka yote. Anajibu kwamba yote yanatengenezeka, na anamtajia gharama ya mkaguzi. Anauliza yalitokeaje. Anajibu kwamba yeye ndiye aliyeyasababisha, na anaeleza habari ya dakika nne bila kuipamba. Mtu huyo anavua miwani. Anasema amekuwa akilitazama gari hili mtandaoni zaidi ya mwaka, na ameiona bei ikishuka kila robo mwaka.

"Sasa niambie ukweli, mama," anasema. "Nikisubiri miezi mitatu mingine, si litashuka tena?"

Redio yuko hatua nne nyuma yao. Bosi yuko mlangoni mwa ofisi. Jibu linalomfaa Mama Betri ni neno moja tu, na hakuna ambaye angeweza kumshtaki kwalo: labda. Angesema labda, mtu angekwenda nyumbani kusubiri, na baada ya saa mbili gari lingekuwa lake.

Anajipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Halishuki tena," anasema. "Hapo ndipo chini. Likitengenezwa linarudi kumi. Ukilitaka, usisubiri."

Mteja anamshukuru. Anasema benki bado haijafungwa, anarudi sasa hivi na hati ya malipo. Anatoka kwa hatua za mtu mwenye nia. Mama Betri anarudi kwenye tairi lake na kufunga nati ambazo ameshazifunga.

Saa kumi inapita. Saa kumi na nusu, bosi anatoka, anatazama barabara, anarudi ndani. Mama Betri ameliacha tairi. Ameanza kufagia, ingawa yadi ina mfagiaji wake. Anafagia kuanzia ukutani kuja mbele, na anapolifikia gari la kijani analizunguka bila kulitazama. Alipoulizwa baadaye alikuwa akiwaza nini, alisema alikuwa akijaribu kukumbuka choo kipya kingegharimu kiasi gani.

Saa kumi na moja na robo, anayetokea getini ni kinyozi. Amefunga kibanda mapema. Anasema alikuwa akipita tu, ingawa njia anayopita haipiti hapa. Anaketi kwenye benchi la mlinzi, kofia magotini.

Saa kumi na moja na nusu inafika kwenye saa ya ukutani ya ofisi. Bosi anasubiri dakika tano za nyongeza, akizihesabu kwa sauti, kisha anatoka na funguo na karatasi. Zilikuwa tayari tangu asubuhi, pamoja na bima ya mwezi mmoja. Mama Betri anasaini mara tatu. Fedha zilishawekwa benki tangu juzi, kwa masharti kwamba zingerudishwa gari likipata mnunuzi mwingine.

Bado kalamu iko mkononi pale simu ya Redio inapolia. Anaitazama namba, anawatazama wenzake, anaipokea. Sauti ya upande wa pili inasikika wazi: benki ilikuwa na foleni, mtandao ukakatika, lakini fedha zipo, awekewe gari mpaka kesho asubuhi, ataongeza hata laki mbili. Kamisheni ya Redio iko kwenye jibu lake.

"Umechelewa, ndugu yangu," Redio anasema. "Limeshachukuliwa."

Upande wa pili unauliza limechukuliwa na nani.

"Na yule aliyekwambia usisubiri."

Anakata simu na kuitia mfukoni. Hamwombi radhi Mama Betri kwa maneno. Anachukua kopo la tina ya kuyeyushia rangi na kitambaa, anainamia boneti na kuifuta bei kwenye kioo kwa mkono wake mwenyewe, sifuri baada ya sifuri, mpaka kioo kinabaki kitupu.

Mpango wa Mama Betri si mkubwa. Ukarabati utafanywa kidogo kidogo, vifuniko vya viti vikiendelea kushonwa. Kila Jumapili atakwenda kwa dada yake, kilomita sitini kwenda na sitini kurudi, maana mkaguzi amesema dawa ya kwanza ya gari hili ni barabara ndefu. Miaka yote amekwenda kwa basi akiwa na vifurushi. Dada ameshaambiwa kwamba safari hii atapokea mgeni na mikono mitupu. Hana mpango wa kuliuza, kwa hiyo bei yake haimhusu tena.

Kinyozi, aliyeapa kuwa hatalipanda, anainamisha kichwa, anaingiza mguu mmoja, anatafakari, anaingiza wa pili. Magoti yanamfika kidevuni. Anasema yuko vizuri, na kwamba ameingia tu ili mtu asije akapotea njia. Mlinzi anafungua geti na kudai karatasi ya kutokea kama anavyomdai kila mtu. Anaisoma, anaandika kwenye daftari lake kwamba gari la kijani limetoka saa kumi na moja na dakika hamsini.

Gari linapita geti taratibu, moshi mweupe ukilifuata. Ndani ya yadi watu wanabaki wamesimama mahali ambapo Mama Betri husimama kila siku, Redio akiwa mbele yao na kitambaa mkononi. Inasikika ya kwanza. Inasikika ya pili, injini ikikatakata kidogo. Kisha kimya kifupi kule kwenye kona, kirefu kuliko kawaida, mpaka bosi anakunja uso.

Halafu wanaisikia ya tatu ikiingia.